Nani Ameshika Mizani ya Dawa Zetu?

Mkulima wa pamba wa Itilima hahitaji mhadhara kuhusu siasa ya vipimo. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, jicho lake hutua kwenye mizani kabla ya kutua kwenye bei, kwa sababu anajua kuwa bei nzuri iliyotangazwa redioni haimsaidii kitu ikiwa kilo zake zitaliwa na mizani. Elimu hiyo ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma walipochoshwa na kupunjwa katika vituo vya ununuzi, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe ili mzigo uhakikiwe na mtu wanayemwamini. Kutoka katika vuguvugu hilo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kabla ya kudai uhuru, wazee wetu walidai mizani.

Ninaikumbusha historia hiyo kwa sababu swali lile lile limerudi, safari hii katika rafu za dawa, nasi bado hatujalisikia vizuri. Aina mpya ya dawa na chanjo imeingia Afrika Mashariki. Ubora wake hautegemei tu kilichomo ndani, bali pia ukubwa wa chembe zinazokibeba na uwezo wa chembe hizo kubaki zilivyo hadi zinapomfikia mgonjwa. Chembe hizo hazionekani kwa macho, wala kwa hadubini ya kawaida ya kituo cha afya. Aliye na uwezo wa kuzipima ndiye anayejua kama dawa ni dawa. Sisi, kwa sehemu kubwa, tunaambiwa.

Nianze na maelezo mafupi, maana mjadala wa umma hauwezekani pale ambapo umma haujui kinachojadiliwa. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa maneno mengine, ukiigawa milimita moja kwenye rula ya mwanafunzi mara milioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe nano zinazobeba dawa huwa, kwa kawaida, kati ya nanomita chache na mia chache. Nyingine ni vifuko vya mafuta viitwavyo liposomu; nyingine ni matone ya mafuta yaliyobeba maelekezo ya kijenetiki, kama katika chanjo za mRNA; nyingine ni punje za plastiki maalumu inayoyeyuka mwilini. Kazi yao ni moja: kuifikisha dawa panapohitajika na kuizuia isidhuru mahali pengine.

Katika kazi hiyo ukubwa ni jambo la msingi. Chembe iliyo ndogo mno, chini ya nanomita takribani 6, huchujwa na figo na kutoka na mkojo kabla haijafanya kazi. Chembe zinazozidi nanomita 200 hivi hunaswa kwa urahisi na wengu na ini. Zikishikamana na kuwa mabonge ya maelfu ya nanomita, huweza kukwama katika mishipa myembamba ya mapafu. Kwa hiyo vichupa viwili vyaweza kuwa na dawa ile ile, miligramu zile zile na lebo ile ile, kimoja kikamponya mgonjwa na kingine kikamdhuru au kisimfae kitu, kwa sababu tu chembe za hicho cha pili zimeshikamana.

Mfano wa kwanza ni wa ugonjwa tunaoujua. Homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi aina ya kriptokokasi huwaua wagonjwa wengi wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Dawa kuu dhidi yake kwa miongo mingi imekuwa amfoterisini B. Ni dawa yenye nguvu, lakini katika umbo lake la zamani huumiza figo na kupunguza damu, na mgonjwa hulazimika kuipata kwa dripu siku baada ya siku. Wanasayansi walipoifunga ndani ya liposomu zenye ukubwa usiozidi nanomita 100, sumu yake kwa figo ilipungua sana. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao AMBITION, uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Zimbabwe na kwa jirani zetu wa Uganda, katika miji ya Kampala na Mbarara. Wagonjwa waliopewa dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, hawakufa zaidi ya wale waliopewa dripu ya dawa ya zamani kwa siku saba. Baada ya wiki 10 vifo vilikuwa asilimia 24.8 kwa kundi la dozi moja na asilimia 28.7 kwa kundi jingine, na madhara makali yalikuwa machache zaidi kwa kundi la dozi moja. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tiba hiyo.

Kwa mgonjwa wa Lagangabilili, maana ya matokeo hayo ni kubwa. Sindano moja badala ya juma zima la dripu ni tofauti kati ya familia inayoweza kumuuguza mtu wake na familia inayouza ng'ombe ili ikae mjini. Lakini tazama sharti lililojificha ndani ya neema hiyo. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 600, yaani vichupa 12 vya miligramu 50. Kila kichupa huwekewa mililita 12 za maji safi ya sindano, hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde 30, kisha dawa huchanganywa na maji ya sukari aina ya dekstrozi. Muuguzi akitumia maji ya chumvi, kama ilivyo mazoea kwa dawa nyingi za dripu, dawa huganda. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeghushi, dawa ni halisi na haijapita muda wake. Kilichovunjika ni uthabiti wa chembe.

Mfano wa pili sote tuliuishi. Tarehe 24 Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Chanjo hiyo ilihifadhika katika jokofu la kawaida, nyuzi 2 hadi 8. Baadaye nchi ilipokea pia chanjo ya Pfizer, ambayo mRNA yake imebebwa na chembe za mafuta zenye ukubwa wa nanomita 100 au pungufu. Hii ilitaka baridi ya nyuzi 60 hadi 90 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa ilikuwa na siku 31 tu katika jokofu la kawaida. Maelekezo yake yalikuwa kinyume cha yale ya amfoterisini: usiitikise, geuza kichupa taratibu mara 10. Dawa mbili, zote za chembe nano, moja inataka itikiswe na nyingine inaharibika kwa kutikiswa. Anayedhani kwamba haya ni mambo ya maprofesa pekee hajafikiria ni nani hasa anayekishika kichupa saa nne asubuhi katika zahanati yenye foleni.

Na zinazokuja ni nyingi zaidi. Chanjo ya malaria ya R21, iliyofanyiwa majaribio pia Bagamoyo kupitia Taasisi ya Afya Ifakara na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023, yenyewe ni chembe nano na huchanganywa na kiamsha kinga ambacho nacho ni chembe nano. Ile iliyoitangulia, RTS,S, ambayo Kenya ilianza kuitumia magharibi mwa nchi mwaka 2019, ina kiamsha kinga cha liposomu. Uganda ilianza kutoa R21 mwezi Aprili 2025. Sindano ya kabotegraviri ya kuzuia maambukizi ya VVU, iliyojaribiwa Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika, ni punje ndogondogo za dawa ambazo ukubwa wake ndio unaoamua zitayeyuka mwilini kwa kasi gani. Na Desemba 2023 kampuni ya BioNTech ilizindua majengo ya kiwanda chake cha teknolojia ya mRNA mjini Kigali. Bidhaa hizi zitaendelea kuingia tukiwa tayari au tusiwe tayari.

Sasa tuulize: chembe hizi hupimwaje? Njia inayotumika zaidi imejengwa juu ya jambo ambalo mwanabotania Robert Brown aliliona mwaka 1827: chembe ndogo ndani ya maji hazitulii, hutetemeka na kuhangaika bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa hesabu kuwa mhangaiko huo unatokana na kugongwa na molekuli za maji, na kwamba chembe ndogo huhangaika haraka kuliko kubwa. Kifaa cha leo huelekeza mwale wa leza katika sampuli, husikiliza namna nuru inayotawanywa inavyopepesa, na kutokana na kasi ya kupepesa huko hukokotoa ukubwa wa chembe. Hutoa pia kielezo cha mtawanyiko, kinachosema kama chembe zinalingana au zimechanganyika ndogo na kubwa. Kifaa hicho, kikiongezewa uwezo huo, hupima pia chaji ya umeme inayozizunguka chembe, maana chembe zenye chaji kubwa ya aina moja hufukuzana na hivyo hazishikamani kwa urahisi.

Hapo ndipo siasa inapoingia, kwa sababu namba inayotoka katika kifaa hiki si namba isiyo na mwenyewe. Nuru inayotawanywa na chembe ndogo huongezeka kwa kipeo cha sita cha ukubwa wake. Chembe ya nanomita 100 hutawanya nuru takribani mara milioni moja zaidi ya ile ya nanomita 10. Matokeo yake, mabonge machache yanaweza kufunika sauti ya mamilioni ya chembe nzuri, na vumbi kidogo linaweza kuharibu kipimo kizima. Kinyume chake, mtengenezaji anaweza kuripoti wastani kwa hesabu ya idadi ya chembe badala ya wastani kwa nguvu ya nuru, na mabonge yakatoweka katika ripoti huku yakibaki katika kichupa. Joto la sampuli likikosewa, uzito wa kimiminika ukikadiriwa vibaya, sampuli ikizimuliwa kupita kiasi, namba hubadilika. Ndiyo maana maabara makini hazitosheki na njia moja: huongeza hadubini ya elektroni au njia ya kuzifuatilia chembe moja moja, na huanza kila siku kwa kupima chembe rejea ambazo ukubwa wake unajulikana. Mkulima wa pamba angeelewa mara moja. Mizani nayo huhakikiwa kwa jiwe la uzito unaojulikana, na muhuri wa Wakala wa Vipimo upo kwa sababu neno la mnunuzi peke yake halitoshi.

Tanzania si nchi isiyo na msingi. Mwezi Desemba 2018, mamlaka yetu ya udhibiti, ambayo wakati huo ilikuwa TFDA na tangu 2019 ni TMDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu. Hiyo ni heshima ya kweli. Kwa miaka mingi pia mamlaka hiyo imetumia maabara ndogo za kubebeka katika mipaka na mikoa kubaini dawa bandia. Lakini maabara hizo hujibu maswali mawili: Je, dawa iliyotajwa kwenye lebo imo? Je, imo kwa kiasi kinachokaribia kilichoandikwa? Kwa kidonge cha kawaida maswali hayo yanafika mbali. Kwa dawa ya chembe nano, kichupa kinaweza kupata alama kamili katika maswali yote mawili ilhali chembe zote zimeganda. Tunapima gunia na kusahau kuangalia kama ndani mna pamba au maji.

Mataifa makubwa yenyewe yamelitambua jambo hili kwa uchungu. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya liposomu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Uzalishaji wake ulipokwama mwaka 2011, wagonjwa waliachwa njiani, na mwaka 2012 Marekani ikalazimika kuruhusu kwa muda dawa mbadala kutoka India. Nakala yake ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2013 tu, miaka 18 baadaye. Kunakili kidonge ni kunakili kiambato. Kunakili liposomu ni kunakili kiambato, ukubwa, utando, chaji na mwenendo wake mwilini. Mwezi Aprili 2022 mamlaka ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo mahususi kwa dawa zenye vitu vya kiwango cha nano. Ikiwa nchi yenye maabara za kila aina inakiri kwamba jambo hili linahitaji jicho la pekee, sisi tunaotegemea nakala za bei nafuu tunalihitaji jicho hilo zaidi.

Fuata safari ya kichupa. Kinashuka katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kinaingia Bohari ya Dawa, kinasafirishwa hadi Mwanza, kinapita Lamadi na Bariadi, kinafika Lagangabilili, na kutoka hapo kinaweza kumalizia safari juu ya pikipiki kuelekea zahanati ya kijiji. Kila kituo ni jokofu jingine, umeme mwingine, mkono mwingine na shimo jingine barabarani. Kipimo kilichofanywa kiwandani kinasema kweli kuhusu kichupa kilivyokuwa kiwandani. Hakisemi chochote kuhusu kichupa kilichofika Itilima.

Wala si kweli kwamba mhudumu wa kijijini hawezi kupima uthabiti wa chembe. Anaupima kila siku. Ile alama ya mraba ndani ya duara kwenye kichupa cha chanjo, inayobadilika rangi kadiri joto linavyojilimbikiza, ni kipimo cha uthabiti. Lile jaribio la kutikisa, ambapo chanjo inayoshukiwa kuganda hutikiswa pamoja na nyingine ya aina hiyo hiyo iliyogandishwa makusudi kisha zikaachwa zitue, ni kipimo cha chembe zilizoshikamana: chanjo iliyoharibika kwa kuganda hutuama haraka. Jaribio hilo halihitaji leza wala shahada. Lakini linafaa tu kwa chanjo zenye chumvi za aluminiamu, kama vile pentavalenti na pepopunda. Kwa liposomu na kwa chembe za mRNA halitumiki, na alama ya joto haijui kama kichupa kiliwahi kuganda au kutikiswa. Kadiri dawa zinavyopanda ngazi ya ustadi, mhudumu wetu anazidi kunyang'anywa uwezo wa kuhakiki, na hakuna aliyewekwa kuhakiki kwa niaba yake.

Nitapingwa, na hoja za wapinzani zinastahili majibu.

Wa kwanza atasema: watu wanakosa dawa za kawaida, wewe unazungumzia nano. Hoja hii ina uchungu wa haki, lakini inasahau kuwa maskini ndiye asiyeweza kumudu dozi iliyoharibika. Tajiri dawa ikimkataa atasafirishwa Nairobi au India. Mgonjwa wa Itilima aliyepata vichupa 12 kwa bahati hatapata vingine 12. Kadiri dawa inavyokuwa adimu, ndivyo uhakika wa kila kichupa unavyopaswa kuwa mkubwa.

Wa pili atasema: Shirika la Afya Duniani limekwisha kukagua, kwa nini turudie? Kutegemea ukaguzi wa wengine si dhambi. Mamlaka zote duniani hufanya hivyo kwa kiasi fulani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na tathmini za pamoja za dawa kwa zaidi ya muongo mmoja. Lakini tathmini za aina hiyo hukagua jalada na kiwanda. Haziji Lamadi wala Lagangabilili. Kipande cha mwisho cha barabara ni chetu, na hakuna atakayekuja kutupimia.

Wa tatu atasema: hatuna fedha wala wataalamu. Kifaa cha kupimia mtawanyiko wa nuru hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ni fedha nyingi kwa mwananchi, lakini kwa bajeti ya taifa ni kiwango cha bei ya gari moja kubwa la serikali. Na wataalamu tunao. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza kwa miaka mingi utafiti wa kuzifunga dawa za kifua kikuu ndani ya chembe nano huko Pretoria, katika baraza la utafiti wa kisayansi la Afrika Kusini, kabla ya kurudi nyumbani katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Dkt. Askwar Hilonga wa taasisi hiyo hiyo alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio lake la maji linalotumia teknolojia ya nano. Tatizo letu kubwa zaidi linajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya umma ukanda huu: kifaa hununuliwa kwa ufadhili, huzinduliwa kwa picha, kisha taa ya leza huungua, mkataba wa matengenezo haupo, fundi aliyefunzwa amehama, na kifaa hufunikwa kitambaa. Kinachokosekana si fedha ya kununua; ni nidhamu ya kutunza.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niliite jambo hili la kisiasa. Mwezi Mei 2020 Rais John Magufuli alilitangazia taifa kuwa sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara ya taifa zilirudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa, na taifa likagawanyika: waliomwamini Rais na walioamini maabara. Sina nia ya kuufufua ugomvi ule. Ninachosema ni kwamba tulibishana kuhusu kipimo kwa lugha ya utii na uasi, kwa sababu hapakuwa na maabara ya pili, huru na yenye kuheshimika, ambayo raia wangeweza kuielekezea macho na kusema: hebu na hii ipime. Mwaka mmoja baadaye, chanjo zilipofika, mashaka yale yalikuwa yamekwisha kuota mizizi vijijini. Imani ya wananchi kwa dawa haijengwi kwa hotuba. Hujengwa kwa kipimo kinachoweza kurudiwa na mtu mwingine mbele ya mashahidi, na majibu yakatoka yale yale.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, TMDA itoe mwongozo mahususi wa dawa za chembe nano kwa lugha iliyo wazi, ukimtaka kila mwombaji wa usajili aonyeshe mtawanyiko mzima wa ukubwa wa chembe na si wastani pekee, aeleze aliupima kwa njia zipi, na aonyeshe unavyobadilika baada ya joto, mtikisiko na ucheleweshaji unaofanana na barabara zetu.

Pili, ijengwe maabara moja ya pamoja ya vipimo vya chembe, badala ya kila chuo kuomba kifaa chake kitakachokufa peke yake. Kanda ya Ziwa ina hoja nzuri ya kuipata. Mwanza kuna ofisi ya TMDA na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Bugando. Bajeti ya maabara hiyo iandikwe kwa sehemu mbili zilizo sawa kwa uzito: ununuzi, na matengenezo ya miaka 10 pamoja na mshahara wa fundi wake. Bila sehemu ya pili, ya kwanza isipitishwe.

Tatu, sampuli zichukuliwe mwisho wa barabara. Ukaguzi wa dawa sokoni usiishie maghalani na katika maduka ya mijini; vichupa vichukuliwe Meatu, Maswa, Itilima na Bariadi baada ya kumaliza safari yote, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili, yakiwa mazuri au mabaya.

Nne, maelekezo ya maandalizi ya dawa hizi yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani: ipi itikiswe, ipi isitikiswe, ipi ikutane na dekstrozi tu, ipi ikae saa ngapi baada ya kuchanganywa. Hili halihitaji leza. Linahitaji karatasi, mtafsiri makini na msimamizi anayejali, na linaweza kuanza kesho.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa zisizopimwa nazo hupotea bila habari, na mgonjwa hupotea pamoja nazo, kisha tukasema siku zake zilifika. Bajeti ya Wizara ya Afya husomwa bungeni kila mwaka. Naomba wabunge wa Simiyu, watakapopata nafasi ya kuchangia baada ya kuomba barabara na vituo vya afya, waulize swali moja: dawa za chembe nano zinazofika majimboni mwao hupimwa na nani, wapi, na mara ya mwisho zilipimwa lini? Waziri akiwa na jibu, tutafurahi kulisikia. Akiwa hana, kumbukumbu rasmi za Bunge zitakuwa zimeandika kwamba swali liliulizwa, na mwaka utakaofuata litaulizwa tena.